Mkono wa Mama na Tone la Damu ya Mtoto

Katika mji wa Turin, ulio kaskazini ya Italia chini ya safu ya milima ya Alps, vilizaliwa vipimo viwili katika muda wa miaka 14 tu, na waliovizaa walikuwa matabibu wa mji huo huo mmoja. Wa kwanza, Giulio Bizzozero, mwalimu wa chuo kikuu cha Turin, alibainisha mwaka 1882 kwamba ndani ya damu, mbali na chembe nyekundu na chembe nyeupe ambazo wanachuoni walikwisha kuzizoea, mna chembe za namna ya tatu, ndogo kuliko zote, ambazo hukusanyika mahali mshipa ulipojeruhiwa, zikashikamana na kuziba tundu. Nasi leo twaziita chembe sahani. Wa pili, Scipione Riva-Rocci, alitangaza mwaka 1896 chombo cha kupimia nguvu ambayo damu huisukuma mishipa ya mkono, na chombo hicho, kwa umbo lililobadilika kidogo, kimo hata sasa katika kila zahanati. Vipimo hivi, kimoja cha tone la damu na kingine cha mkono, viliishi mbalimbali kwa muda ulioelekea miaka 100, kimoja ndani ya maabara na kingine kando ya kitanda cha mgonjwa. Na haikuwa bayana, mpaka vilipokutanishwa juu ya mama mmoja na mwanawe, kwamba presha iliyompanda mama mja mzito hubadilisha damu ya mtoto kabla mtoto hajavuta pumzi yake ya kwanza. Tarikhi ya kukutanishwa huko ndiyo niliyokusudia kuieleza, kwa sababu nayakini kwamba watoto wengi walidhaniwa kuwa na maradhi yao wenyewe, au kudhuriwa na dawa, ilhali habari yao yote ilikuwa imeandikwa katika karatasi ya mama, na hapakuwa na mtu aliyeifungua.

Maradhi yenyewe ni ya kale kuliko kipimo chochote. Kila kabila la wanadamu lilikuwa na habari za mwanamke mwenye mimba kubwa, aliyelala salama jana, ambaye leo analalamikia kichwa na kiwi cha macho, kisha ghafula anakakamaa viungo, anajiuma ulimi, anatokwa na povu, na pengine asizinduke tena. Katika pwani yetu aghalabu jambo hili lilinasibishwa na pepo, na walioitwa kwanza walikuwa waganga wa kupunga. Wala msomaji asidhani kwamba matabibu wa Ulaya walikuwa na hekima kubwa zaidi siku hizo. François Mauriceau, mzalishaji mashuhuri wa Paris, ambaye kitabu chake cha uzazi kilitoka mwaka 1668, alitambua kwa mazoea ya kazi yake kwamba wenye mimba ya kwanza ndio wapatwao zaidi, na neno hilo ni la kweli hata leo. Lakini tiba aliyoifuata ilikuwa ni ile ya kupasua mshipa na kutoa damu, na desturi ya kumtoa damu mwanamke aliyeshikwa na kifafa cha mimba ilidumu Ulaya hata karne ya ishirini ikaingia.

Mlango wa kwanza ulifunguliwa na mkojo. Mwaka 1843 tabibu John Lever wa hospitali ya Guy's mjini London, hospitali ile ile ambamo Richard Bright alikuwa amefundisha kwamba mgonjwa wa figo hupoteza utomwili, yaani protini, katika mkojo, alichukua mkojo wa wanawake waliopatwa na kifafa cha mimba, akautia moto, akaona unaganda weupe kama ute wa yai ulioiva. Lau angaliishia hapo, ugunduzi wake ungalikuwa nusu. Lakini alikuwa mtu wa insafu katika ilmu, akautia moto pia mkojo wa wazazi wengine zaidi ya 50 wasiokuwa na kifafa, na hakuuona utomwili ule ila kwa wale waliokwisha kuonyesha dalili za kutangulia, yaani kuumwa na kichwa na kuvimba. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba kifafa hiki hakimwangukii mwanamke kama ajali. Kina siku au majuma ya kujiandaa ndani ya mwili wake, na mwenye kutafuta ishara huiona kabla ya msiba.

Kupima nguvu ya damu kulichelewa zaidi, na sababu ni kwamba kwa muda mrefu hapakuwa na njia ya kuipima pasipo kuimwaga damu yenyewe. Kasisi wa Kiingereza, Stephen Hales, katika kitabu alichokitoa mwaka 1733, alisimulia jinsi alivyomfunga farasi jike chali akiwa hai, akaingiza kijibomba cha shaba katika mshipa wa paja, akakiunganisha na mrija mrefu wa kioo, na damu ikapanda ndani ya mrija futi 8 na inchi 3 juu ya usawa wa moyo. Ni jaribio kubwa katika tarikhi ya ilmu, lakini hakuna mzazi ambaye angaliweza kufanyiwa hivyo. Takriban miaka 160 ilipita kabla ya Riva-Rocci kutengeneza chombo kisichomdhuru mtu, na alikitengeneza kwa vitu vya kawaida: mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, ambao aliuzungusha juu ya kiwiko cha mgonjwa, vijibomba vya shaba nyekundu, kidau cha wino, na zebaki ya kupanda na kushuka ndani ya kioo. Alijaza hewa katika mpira huku kidole chake kikiwa juu ya mshipa wa kifundo cha mkono, na pale mapigo yalipokatika akasoma urefu wa zebaki. Kwa njia hiyo alipata namba moja tu, ile ya juu. Namba ya chini ilipatikana kwa urahisi baada ya mwaka 1905, Nikolai Korotkoff wa St Petersburg alipofundisha kuweka chombo cha kusikilizia juu ya mshipa na kusikiliza sauti inayoanza na inayokoma kadiri mpira unavyolegezwa. Tangu hapo ndipo tukawa na namba mbili ambazo mwanamke wa leo husomewa na mkunga, na ndipo palipopatikana mpaka wa 140 juu ya 90, ambao mwenye mimba ya zaidi ya majuma 20 akiuvuka huwekwa chini ya uangalizi.

Chombo cha Turin kilikuwa hakijatimiza hata miaka miwili wakati matabibu Vaquez na Nobécourt, mjini Paris, walipokifunga katika mikono ya wanawake wenye kifafa cha mimba na kutangaza mwaka 1897 kwamba damu yao ilikuwa na nguvu kupita kiasi. Basi ishara zikawa mbili, mkojo na mkono. Lililobaki lilikuwa ni kumfikia mwanamke kabla hajaugua, na jambo hilo lilikuwa geni, maana katika nchi nyingi mwenye mimba hakuonana na tabibu ila siku ya uchungu. John William Ballantyne wa Edinburgh aliandika mwaka 1901 kuomba pawe na hospitali ya kuwalaza wanawake kabla ya kujifungua, na mwaka huo huo kikatengwa kitanda kimoja kwa kazi hiyo. Kutoka katika kitanda kimoja ikakua desturi, na mwaka 1929 serikali ya Uingereza ikatoa utaratibu wa kuhudhuria kliniki: kwanza mara chache, kisha kila majuma mawili, mwishoni kila juma, na kila mara mkono upimwe na mkojo upimwe. Utaratibu huo, ukifuata njia za misheni na za utawala wa Kiingereza, ndio uliotufikia sisi wa Afrika ya Mashariki. Njia hizo zilikuwa zimekwisha kufunguliwa: huko Mengo karibu na Kampala, Albert Cook na mkewe Katharine, aliyekuwa muuguzi, walianzisha mwaka 1921 chuo cha kufundisha wakunga, kilichoitwa kwa jina la Lady Coryndon. Kadi ya kliniki anayoikunja mama katika khanga yake asubuhi ya leo, ikiwa na safu ya presha na safu ya mkojo, asili yake ni hapo.

Yote niliyoyasema mpaka hapa yahusu mama peke yake, na ndivyo ilivyokuwa katika ilmu yenyewe. Mtoto alihesabiwa kuwa amepona au amekufa, amezaliwa mkubwa au mdogo, basi. Hata Virginia Apgar wa New York, ambaye mwaka 1953 alichapisha vipimo vyake vitano vya kumtazama mtoto dakika ya kwanza, na ambaye wema wake kwa watoto wa ulimwengu hauwezi kusahauliwa, alitazama rangi, mapigo ya moyo, pumzi, ukakamavu wa viungo na namna mtoto anavyoitikia akiguswa, damu haikuwamo. Wala hili si la kulaumiwa. Mtoto njiti wa kilo 1 ana damu isiyozidi mililita 100 hivi katika mwili wake wote, na kumchotea damu kama anavyochotewa mtu mzima ni kumdhulumu. Tena chembe zilihesabiwa kwa jicho, mtu ameinamia hadubini, akihesabu ndani ya vijimraba vilivyochorwa juu ya kioo, na tone likichelewa au likiganda hesabu yote huharibika. Ilipasa zipatikane njia za kutosheka na matone machache ya kisigino. Mwaka huo huo wa 1953, Mmarekani Wallace Coulter alipewa hati ya kumiliki chombo chake cha kuhesabu chembe zinapopita moja moja katika tundu jembamba lenye umeme, na vyombo vya jamii hiyo vilipoenea katika hospitali kubwa, hesabu ya damu ikawa kazi ya dakika.

Ndipo mambo yakaanza kuonekana, lakini kwanza yalionekana kombo. Katika miaka ya 1960 matabibu wengi waliwapa wanawake wajawazito waliovimba au waliopandwa na presha dawa mpya za jamii ya thayazidi, zinazokimbiza maji mwilini kwa njia ya mkojo. Mwaka 1964 Rodriguez na wenziwe walitangaza kwamba wameona watoto waliozaliwa na upungufu mkubwa wa chembe sahani, na kwamba mama zao walikuwa wametumia dawa hizo. Shutuma zikaiangukia dawa. Hoja ilikuwa na sura ya ukweli, na wenye kuonya juu ya dawa mpya kwa wajawazito walikuwa na kila haki ya kuonya, hasa miaka ile ambayo balaa la thalidomaidi, dawa iliyowalemaza watoto wakiwa tumboni, lilikuwa bado bichi. Lakini swali lililokuwa limejificha ndani ya habari ile lilikuwa hili: mama hawa walipewa dawa kwa sababu gani? Walipewa kwa sababu presha yao ilikuwa juu. Maradhi na dawa viliingia mlangoni pamoja, na aliyeandika jina la dawa peke yake alikuwa ameyaacha maradhi nje. Baadaye upungufu ule ule ulipoonekana kwa watoto ambao mama zao hawakuonja dawa hiyo, ila walikuwa na presha ya mimba, ikawa hapana budi kulitazama jambo upya.

Kazi ya kutazama upya ilifanywa sana Marekani, katika wodi za watoto wachanga zilizoanza kuwa na wataalamu wao wenyewe. Mwaka 1979, huko Dallas, Barbara Manroe na wenziwe walitoa hesabu za kawaida za nyutrofili, chembe nyeupe zilizo za kwanza kuwakabili vijidudu vya maradhi, kwa kila saa ya siku za mwanzo za uhai. Na katika kutenga walio wazima na wasio wazima wakakuta kwamba mama mwenye presha ni miongoni mwa sababu za mtoto kuwa na hesabu isiyo ya kawaida. Jambo hili nalihesabu kuwa kubwa kuliko linavyosifiwa, maana pasipo kujua idadi ya mtoto mzima huwezi kusema kwamba mwingine amepungukiwa. Mwaka 1982 Jane Brazy na wenziwe wa Chuo Kikuu cha Duke wakaandika juu ya watoto waliozaliwa kabla ya juma la 36 na mama wenye presha kali, wakaonyesha kwamba watoto hao ni wadogo, wanyonge wa viungo, na kwamba damu yao ina upungufu wa chembe nyeupe na wa chembe sahani. Kisha mwaka 1989, Joyce Koenig na Robert Christensen wa Utah wakafuatilia hesabu hizo siku kwa siku, wakaona kwamba karibu nusu ya watoto wa mama wenye presha ya mimba walikuwa na upungufu wa nyutrofili, kwamba upungufu huo aghalabu huondoka wenyewe kwa muda wa siku chache, na kwamba katika siku hizo chache mtoto huwa karibu zaidi na hatari ya kuambukizwa maradhi ya hospitalini kuliko mwenziwe.

Kwa nini iwe hivyo? Jibu limo katika kondo la nyuma. Wauguzi wa zamani walikwisha kujua kwamba kifafa cha mimba hakiondoki ila kondo likitoka. Na matabibu wakaona kwamba hata mimba ya zabibu, ambayo ndani yake mna kondo lililoharibika na pengine hamna mtoto kabisa, huweza kumpandisha mama presha, hivyo mtoto akasafika na tuhuma. Katika miaka ya 1960 na 1970, Ivo Brosens, Robertson na Dixon walichunguza mishipa ya tumbo la uzazi pale kondo linaposhika, wakaeleza kwamba katika mimba njema mishipa hiyo hulegea na kupanuka ili damu nyingi ipite, na katika mimba yenye maradhi haya hubaki myembamba. Na mwaka 2003 kundi la Ananth Karumanchi mjini Boston likaonyesha kwamba kondo lenye dhiki hutoa protini inayoingia katika damu ya mama na kuiudhi mishipa yake yote. Mtoto naye, upande wa pili wa kondo hilo hilo, hupata oksijeni haba na chakula haba. Mwili wake hujitetea kwa kutengeneza chembe nyekundu kwa wingi, ili kidogo kinachopatikana kibebwe chote, na kwa sababu hiyo wengine huzaliwa na damu nzito ambayo chembe nyekundu zimejaza zaidi ya asilimia 65 ya ujazo wake, nayo hupita kwa taabu katika mishipa midogo. Wakati huo huo utengenezaji wa chembe nyeupe na chembe sahani katika uboho hupungua. Upungufu huu si wa chembe kuharibiwa baada ya kutengenezwa, ni wa chembe kutotengenezwa. Ndiyo maana huisha wenyewe baada ya mtoto kutengana na kondo. Chembe sahani, ambazo kwa kawaida hazipungui 150,000 katika kila maikrolita ya damu, mara nyingi hufikia kina chake siku ya pili hadi ya nne baada ya kuzaliwa, kisha hupanda, na kwa kiasi cha siku 10 mambo huwa yamerudi mahali pake.

Yafaa nitaje, ingawa kwa ufupi, kwamba upande wa mama nao haukusimama. Chumvi ya magnesi, iliyotumika kwa kifafa cha mimba tangu mwanzoni mwa karne ya ishirini, ilishindana kwa miaka mingi na dawa nyingine, mpaka majaribio makubwa yaliyofanywa katika nchi za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini yalipoonyesha mwaka 1995 kwamba inazuia kifafa kurudi vizuri zaidi kuliko diazepamu na fenitoini. Na mwaka 2002 jaribio lililokusanya wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33 likaonyesha kwamba inapunguza hatari ya kifafa kwa nusu kwa wale ambao bado hawajapatwa.

Leo mwenye ujuzi wa habari hii humtazama mtoto kwa jicho jingine. Fikiri mtoto njiti katika siku yake ya pili, ambaye muuguzi amemchoma kisigino na kukuta damu inachelewa kukauka, na jibu la maabara limerudi na chembe sahani 90,000 na nyutrofili chache. Asiyejua presha ya mama atafikiri mara moja juu ya vijidudu katika damu, juu ya kinga ya mama inayopigana na damu ya mwanawe, au juu ya kasoro ya kurithi, naye atamchoma tena na tena kwa vipimo ambavyo damu yake kidogo haivihimili. Anayejua atafanya nini? Hatapuuza vijidudu, maana mtoto huyu hasa ndiye aliye dhaifu mbele yao, na dawa ya kuua vijidudu huenda akaianza bila kungoja. Lakini atajua kwamba upungufu huu una sababu inayoelekea zaidi, atarudia hesabu baada ya siku moja au mbili, atazuia sindano zisizo za lazima, ataosha mikono kwa uangalifu maradufu, na atamwambia mama kwa moyo thabiti kwamba upungufu wa namna hii kwa kawaida hurudi kuwa sawa. Tofauti ya watu hawa wawili ni mstari mmoja wa maandishi.

Na mstari huo ndio unaopotea. Mama hubaki katika wodi ya wazazi na karatasi zake, mtoto huhamishiwa wodi ya watoto wachanga na karatasi mpya, na mara nyingi hospitali ya pili ambayo mtoto hupelekwa kwa gari la wagonjwa usiku haijui lolote isipokuwa uzito wake na saa aliyozaliwa. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2016 kwamba mwenye mimba akutane na mhudumu wa afya mara nane, na kila mara presha yake ipimwe. Kazi hiyo yote ya miezi tisa hukatika mlangoni mwa wodi ikiwa namba za mama hazikumfuata mwanawe.

Kwa hiyo nawaomba wakunga na wauguzi wa nchi zetu waandike presha ya juu kabisa ya mama, siku ilipoonekana, na dawa alizopewa, katika karatasi ya kwanza ya mtoto, karibu na uzito wake. Na namwomba kila mama aliyeambiwa kliniki kwamba presha imepanda, pamoja na baba, nyanya au shangazi atakayembeba mtoto kwenda hospitali, aichukue kadi ya mama pamoja na mtoto, na aseme jambo hilo kwa mtu wa kwanza atakayempokea, hata kama hakuulizwa.